Mbwa wa Kibenga Aliyeoshwa na Marehemu

Vijana wangu, nyinyi mliofungua sehemu za kuosha mbwa na paka siku hizi mna shampuu za kila rangi, mna mashine za kukausha manyoya zinazonguruma kama ndege, na mteja anapiga simu kabla hajafika. Sina wivu. Sisi tulikuwa na ndoo, brashi, maji ya mwarobaini uliochemshwa, na bomba lililotoa maji siku lilipojisikia. Ila mnanicheka kwa jambo moja: mpaka leo, mzee niliyestaafu, nikiingia nyumba ya mtu ninamtazama mnyama kwanza ndipo namsalimia mwenye nyumba. Mnasema Mzee Haruna hana adabu. Kaeni niwaambie tabia hiyo niliitoa wapi.

Nilianza kazi kabla ya vita, kwa daktari mmoja wa wanyama aliyekuwa na kliniki karibu na Zone Industrielle, kwenye barabara ya maghala. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Mwislamu, mwana wa fundi magari. Mnaweza kufikiri watu walisema nini kijana wa Kiislamu alipoanza kuogesha mbwa. Rafiki zangu walinisalimu kwa mbali, mikono mfukoni. Mama aliniwekea beseni nje ya mlango na udongo pembeni, nijitoharishe kabla sijagusa hata kikombe. Nikamwendea shehe wetu kwa woga.

"Iyo mbwa inagonjwa?" akaniuliza.

"Ndiyo, shehe."

"Na we unaiponyesha?"

"Tunajaribu."

"Basi fanya kazi, mutoto wangu. Maji iko mingi mu ziwa."

Daktari alinifundisha dawa. Kazi ya mikono nilifundishwa na Mama Anjela, mhudumu wa pale. Alikuwa mama wa makamo, Mkristo, mzaliwa wa Uvira, aliyeolewa na mwashi wa hapa Bujumbura na kukaa naye katika kartiye, mitaa ya kaskazini ya mji. Siku yangu ya kwanza nilipewa paka. Nilidhani paka ni mbwa mdogo. Nilimkamata nikamtia majini, na kilichofuata sikikumbuki vizuri. Nakumbuka tu paka yuko juu ya kabati na mimi niko chini ya meza. Mama Anjela akaja, akafunga dirisha, akazima redio, akatandika taulo kavu mezani.

"Paka aoshwi na nguvu," akasema. "Unamufunga mu taulo kaa mutoto muchanga, unaacha kichwa tu. Unapangusa kidogo kidogo. Akilaza masikio, unaacha. Masikio inasema mbele ya makucha."

Mengine yote alinifundisha hivyo hivyo, kazi ikiendelea. Kupe havutwi kwa vidole wala hachomwi na sigara. Unamshika kwa kibano karibu kabisa na ngozi, unamvuta taratibu, wima. Ukimtafuta, usianzie mgongoni ambako kila mtu anatazama. Tafuta katikati ya vidole, ndani ya masikio, chini ya mkia. Kucha nyeupe inakuonyesha mshipa wake ukiielekeza kwenye mwanga. Kucha nyeusi haikuonyeshi kitu, kwa hiyo kata kidogo na ushukuru. Na jeraha la mbwa, alisema, lishone ukijua kwamba mbwa atajaribu kulifumua kwa meno. Alikuwa na fundo lake, analizungusha mara mbili kisha analilaza pembeni, na hakuna mbwa aliyeliweza. Nami sikuliweza. Nilijaribu miaka, likawa linafumuka tu.

Kisha vita vikaja.

Sitawasimulia vita, wazee wenu wanavijua. Nitawaambia tu jinsi vilivyoingia katika kazi yetu. Wenye nyumba kubwa waliondoka na mizigo ya mkononi, mbwa wakabaki. Wengine walibaki na zamu, yaani mlinzi, wa kuwalinda na kuwalisha, wengine walibaki na geti wazi. Mbwa wakaanza kutembea makundi makundi asubuhi, kimya, bila kubweka, na mbwa asiyebweka anatisha kuliko anayebweka. Mtu mmoja wa Buterere alileta mbwa wake aliyekuwa amepotea upande wa mashamba ya mpunga, siku zile milio ya risasi ilipokuwa haikatiki. Mbwa alikuwa amerudi ameshiba. Bwana yule akasimama mlangoni, hakutaka hata kushika kamba.

"Muoshe mudomo," akaniambia. "Alafu usiniulize kitu."

Nilimwosha.

Asubuhi moja Mama Anjela hakufika kazini. Habari ilikuja kwa watu waliokimbia: kartiye yao ilikuwa imeshambuliwa, nyumba yao imechomwa, mume wake ameuawa mlangoni. Yeye hakuna aliyemwona akitoka. Tulingoja. Hakuna mwili uliopatikana, lakini wakati ule miili mingi haikupatikana. Mwishowe padri akamwombea, ndugu zake wachache wakakaa matanga, nami nikakaa nao, nikala ugali wa msiba nikilia kama mtoto. Kwenye kliniki tukakunja aproni yake na kuiweka kabatini. Hakuna aliyetaka kuivaa.

Sasa nisikilizeni vizuri.

Kibenga, kule kusini karibu na ziwa, kulikuwa na nyumba ya wafanyabiashara fulani waliokwenda Ulaya vita vilipopamba moto. Waliacha mbwa wao, Shaba, mbwa mkubwa wa rangi ya kahawia nyekundu, na zamu mzee aliyeitwa Nestori. Daktari alikuwa amewaahidi kwamba tutamtunza Shaba mpaka warudi. Kila mara barabara ilipokuwa salama nilichukua kamyoneti ya kliniki nikaenda mchana: kumwosha, kumtoa kupe, kutazama masikio.

Safari ya kwanza baada ya matanga nilikwenda nimejiandaa kwa kazi kubwa. Majani kando ya ziwa yalikuwa yameota mpaka magotini, na majani kama hayo ni mji wa kupe. Nikamlaza Shaba ubarazani. Nikatazama masikio, safi. Katikati ya vidole, safi. Chini ya mkia, safi. Manyoya yalikuwa yamechanwa, yanang'aa, yananuka sabuni.

"Muzee Nestori," nikasema, "umefanya kazi nzuri."

Mzee akarudi nyuma. "Mi? Mi sijamugusa. Ni mi naogopa iyo mbwa, nayitupia chakula toka mbali."

"Nani basi anamwosha?"

Akatazama nyumba iliyofungwa madirisha yote. Akasema kwa sauti ya chini kwamba mamake Madame mwenye nyumba, nyanya mmoja mzee sana, alifia katika nyumba ile kabla ya vita, na kwamba nyanya huyo alikuwa akimchana Shaba kila siku na brashi yake mwenyewe. "Nikipita apo inje nasikia mutu anasemesha mbwa mu nyumba. Lakini sauti ayiko. Unaelewa? Maneno iko, sauti ayiko."

Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Kwa sababu kazi yangu ilihitaji maji, Nestori alinifungulia jikoni. Shaba akaingia nami, akapita moja kwa moja hadi kwenye ukumbi mwembamba unaoelekea vyumbani, akakaa chini. Hapakuwa na mtu. Akainua kichwa kidogo na kuanza kupiga mkia sakafuni, polepole, pu, pu, pu. Vijana, jueni hili. Mbwa ana mikia mingi. Uko mkia wa woga, uko wa wasiwasi ulionyooka kama fimbo, uko wa kumsalimu mgeni. Ule ulikuwa mkia wa mbwa anayemwona mtu anayemlisha. Nikajaza ndoo yangu nikatoka haraka, na maji nusu yakamwagika njiani.

Safari iliyofuata nilikuta paja la Shaba lina jeraha la waya wa miba, refu, baya. Nestori aliapa kwamba juzi yake mbwa alikuwa akivuja damu na yeye alishindwa kumsogelea. Nami nikaona jeraha limeoshwa, limeshonwa. Limeshonwa kwa uzi wa bluu wa kushonea nguo. Nikainama kutazama mishono. Fundo lilikuwa limezungushwa mara mbili na kulazwa pembeni.

Nilijua mkono mmoja tu unaofunga fundo lile, na mwenye mkono huo tulikuwa tumemaliza matanga yake.

"Wafu awashoni," nikamwambia Nestori.

"We unajua nini juu ya wafu?" akanijibu.

Njia nzima ya kurudi nilisoma aya zote nilizozijua na nyingine nusu nusu. Daktari aliponiuliza habari za Shaba nilimwambia ni mzima. Ningesema nini? Kwamba marehemu amerudi kazini, ila amebadilisha kituo?

Ndipo ikaja ile siku ya sumu. Nilifika mchana, jua kali, ziwa limetulia kama sahani. Nestori alinikimbilia getini. "Njo mbio! Mbwa anakufa!"

Shaba alikuwa amejikokota hadi jikoni, amelala ubavu, mate yanamtoka kama uzi, misuli yote inatetemeka chini ya ngozi. Kando ya ukuta nje kulikuwa na kipande cha nyama kilicholiwa nusu. Mimi, kwa haraka, nikafanya kile ambacho kila mtu mjini huku anakiamini: nikamwita Nestori alete maziwa. Akaleta ya unga aliyoyakoroga katika kikombe. Nikakiinua kichwa cha mbwa.

"Apana maziwa."

Ulikuwa mnong'ono. Ulitoka juu, ndani ya dari, juu ya kichwa changu kabisa.

Nestori alipiga kelele moja, "Mana yanje, Mungu wangu, ni nyanya!" akatoka kwa mlango, na ndala yake moja ikabaki jikoni ikitazama alikokimbilia. Mimi sikukimbia. Ningependa mseme ni ushujaa. Miguu ilikuwa imekataa.

"Haruna," mnong'ono ukasema. "Tazama macho yake. Mboni iko kubwa ao ndogo?"

Mkono wangu ukamfungua Shaba jicho bila mimi kuuamuru. "Ndogo," nikasema. "Kaa ncha ya sindano."

"Basi ni ile dawa ya wadudu ya mashamba. Maziwa ayisaidie kitu, atasongwa tu. Atropini iko mu boksi yako?"

"Iko."

"Choma. Funga pazia, mbwa akae mu giza. Akianza kumeza muzuri, saga makala, changanya na maji, mupe kidogo kidogo."

Nikachoma sindano. Wakati nasaga makaa ya jiko la Nestori kwa kitako cha chupa, nikasikia mbao zinasogea ukumbini. Kipande cha dari kikafunguka. Ikashuka miguu miwili, myembamba, imejaa vumbi, ikitafuta kiti. Kisha gauni. Kisha uso ambao nilikuwa nimeulilia.

Mama Anjela hakunisalimu. Alipiga magoti kwa Shaba, akamwekea kiganja mbavuni kuhesabu pumzi, akanipokonya kikombe cha makaa. "Umesaga vibaya," akanong'ona. "Iko mawe mawe."

Hapo ndipo nilipojua kwamba yu hai. Mzuka asingelalamikia makaa.

Tukiwa tunamnywesha mbwa alinieleza kwa maneno machache. Usiku wa moto alitoka kwa mlango wa nyuma, lakini alikuwa amewaona waliomuua mumewe, vijana wa mtaa wao wenyewe, na wao walimwona amewaona. Walikuwa wakimtafuta. Alikuwa na ufunguo wa jikoni ya nyumba hii tangu zamani, kwa kuwa Madame alimwachia Shaba kila aliposafiri. Akaingia, akapanda darini. Alishuka mchana Nestori alipolala, akala alichopata, akamtunza mbwa ili mbwa atulie asimbwekee. "Nilimusemesha bila sauti," akasema. "Alijifunza. Yeye ndiye alikuwa mutu wangu."

"Kwa nini ukunitokea mimi? Nimekuja hapa mara ngapi!"

Akanitazama. "Mume wangu aliitwa kwa jina na mutu mwenye alimujua. Alifungua mulango."

Nikamtazama Shaba: mkia wake ulikuwa umeniambia siku ile ukumbini kwamba kuna mtu, nami sikuuamini.

Nestori alikuwa amerudi. Alisimama mlangoni, mguu mmoja mtupu, anatazama kutoka kwangu kwenda kwa yule mama. Alipoelewa, hofu yake ikageuka nyingine. Akasema kwamba asubuhi vijana fulani walipita getini wakamsalimu kwa uchangamfu mno, wakauliza kama usiku analinda peke yake.

Nyinyi mtaosha mbwa katika amani, Inshallah, lakini mjue: mbwa wa lindo halishwi sumu bure. Nyama ikirushwa mchana, wenye nyama wanakuja giza likiingia. Na watu wale wakiingia nyumba ya matajiri, mahali pa kwanza wanapotafuta mali iliyofichwa ni darini.

Katika kamyoneti tulikuwa na kizimba cha chuma cha kubebea mbwa wakubwa. Mama Anjela alilala chini kabisa, amejikunja, tukamfunika mataulo machafu yote ya kazi, kisha tukamlaza Shaba juu yake. Mbwa mwenye makaa tumboni anatapika na kuharisha, sitaki kuwapambia maneno. Mama Anjela hakulalamika. Nestori akaketi mbele nami, na ndala zake zote mbili mkononi.

Kwenye bariyeri ya kuingia mjini, askari akainua mkono. Alikuwa kijana, pengine wa umri wangu.

"Umebeba nini?"

"Mbwa. Amekula sumu. Napeleka kwa daktari."

"Fungua."

Nikafungua nyuma. Harufu ikatupiga wote usoni. Shaba alikuwa na povu jeusi mdomoni. Askari hakurudi nyuma, akapitisha vidole kwenye nondo na kumkuna kidevu. "Kwetu niliacha mmoja kaa huyu," akasema. Mkia wa Shaba ukasogea kidogo, na mkia uliposogea ukavuta taulo.

Chini yake ulionekana mkono wa mtu, umeshika mguu wa mbwa.

Askari aliuona. Nilimwona akiuona. Upande wa pili wa barabara mwenzake akamwita, "Kuna nini huko?"

Askari akanyoosha taulo, akaufunika ule mkono vizuri, kama mtu anayemfunika mtoto asipigwe na baridi.

"Mbwa tu," akamjibu mwenzake. Kisha kwangu, kwa sauti ya chini: "Funga. Ongeza mwendo na mugonjwa wako."

Sikuwahi kujua jina lake. Nimemwombea dua kwa miaka yote hii bila jina.

Kesho yake Nestori alikwenda kutazama kwa mbali. Nyumba ya Kibenga haikuwa na milango. Dari zote zilikuwa zimetobolewa na kuangushwa chini, chumba baada ya chumba.

Shaba alipona. Mama Anjela tulimficha katika stoo ya kliniki, kati ya magunia ya chakula cha mifugo, mpaka habari zilipokuja kwamba wale vijana wametawanyika, wengine wamekufa, wengine wamekimbilia msituni. Siku alipotoka kwenda kwa ndugu zake waliomfanyia matanga, wawili walipanda ukuta wa jirani. Yeye akakaa uani akingoja washuke.

Akarudi kazini. Mikono ilikuwa ile ile. Lakini jambo moja halikurudi. Zamani Mama Anjela alikuwa akimwita mbwa kutoka uani, wafanyakazi wa ghala la saruji ng'ambo ya barabara wanageuka. Sasa alinong'ona tu. Alimnong'oneza daktari, alitunong'oneza sisi, aliwanong'oneza wateja mpaka watoto wao wakajificha nyuma ya mama zao. Daktari alimtazama koo, hakuona kitu. "Sauti iko," akasema, "ila yeye anaiogopa." Kliniki nzima ikaanza kunong'ona bila kujua. Mtu aliyeingia alidhani kuna maiti chumba cha pili. Mbwa nao walinyamaza alipopita, wakimfuata kwa macho.

Ilikuwa hivyo miezi na miezi. Kisha asubuhi moja mwanamke wa Kihindi akaleta paka dume, mkubwa, mwenye sikio lililochanika, mwenye sura ya mkuu wa forodha. Mama Anjela akamfunga katika taulo kwa utaratibu wake wote, akaacha kichwa tu, akaanza kumpangusa masikio. Paka akatulia, akafumba macho, akatuhadaa sote. Halafu akamng'ata kidole gumba mpaka mfupani.

"WEE SHETANI! MUTOTO YA SHETANI! NIACHIE MUKONO!"

Chupa zikatikisika rafuni. Mbwa wote katika vizimba wakaanza kubweka kwa pamoja, daktari akatoka mbio na sindano mkononi, na ng'ambo ya barabara mtu wa ghala akachungulia dirishani. Mama Anjela akabaki amesimama, damu inadondoka, paka bado ananing'inia. Akaweka mkono wa pili kooni pake, kama anayehisi kitu kikitembea humo.

"Haruna," akasema, kwa sauti kubwa, akaisikiliza. Akaita tena, kubwa zaidi, "Haruna!"

"Naam, Mama."

"Niletee dawa ya kidonda!"

Nikamletea, nikikimbia, huku mbwa wakizidi kubweka na hakuna hata mmoja wetu aliyewanyamazisha.